Maswali yenu: mwanafunzi wa saikolojia na kazi za kimataifa

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza ya saikolojia wanaotaka kufanya kazi na wenzao wa nchi nyingine. Nimechagua maswali yanayojirudia zaidi.

Nipo mwaka wa pili. Hivi kweli mtu wa ngazi yangu anaweza kuchangia utafiti wa kimataifa, au tunaishia kugawa hojaji tu?

Anaweza, na ushahidi upo. Mwaka 2020 jarida la Nature Human Behaviour lilichapisha utafiti uliorudia kazi maarufu ya wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky ya mwaka 1979, ile inayoeleza jinsi watu wanavyoamua panapokuwa na uwezekano wa kupata au kupoteza. Safari hii walihojiwa watu 4,098 katika nchi 19, kwa lugha 13. Kazi hiyo iliongozwa na mtafiti Kai Ruggeri, na miongoni mwa waandishi wake wamo vijana waliopitia Junior Researcher Programme, mpango unaowaweka wanafunzi wa nchi mbalimbali katika timu ndogo chini ya msimamizi mmoja. Mwaka 2022 ukafuata utafiti mwingine mkubwa zaidi, wa nchi 61, kuhusu kuchagua kati ya fedha kidogo sasa na fedha nyingi baadaye.

Na hiyo kazi ya kugawa hojaji usiidharau. Mtafiti Joseph Henrich na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba saikolojia imejengwa kwa kuwachunguza watu wa sehemu ndogo sana ya dunia. Walinukuu hesabu iliyofanywa kwenye majarida makubwa: asilimia 96 ya washiriki walitoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wote duniani. Profesa mmoja aliyekaa ofisini hawezi kuliziba pengo hilo. Anamhitaji mtu aliyepo mahali, anayejua watu wa pale watalielewaje swali na nani atakataa kulijibu. Mtu huyo mara nyingi ni mwanafunzi.

Psi Chi ni kitu gani? Lazima niwe nasoma Marekani?

Ni jumuiya ya heshima ya wanafunzi wa saikolojia waliofanya vizuri darasani. Ilianzishwa mwaka 1929, wakati Kongamano la Kimataifa la Saikolojia lilipofanyika Chuo Kikuu cha Yale. Kwa miaka mingi ilikuwa ya Marekani, ila sasa ina matawi nje pia. Unajiunga kupitia tawi la chuo chako, unalipa ada mara moja, na uanachama ni wa maisha. Kama chuo chako hakina tawi, mshawishi mhadhiri mmoja aombe kulifungua.

Ushauri wangu: usijiunge kwa ajili ya cheti. Jiunge kwa sababu wanatoa ruzuku za utafiti, wana jarida linalopokea kazi za wanafunzi, na wana utaratibu wa kuwaunganisha watafiti wa nchi tofauti.

Chuo chetu hakina maabara ya maana. Nianzie wapi?

Anza kwa kurudia utafiti uliokwisha kufanywa. Mwaka 2015 watafiti wapatao 270 walitangaza matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Katika tafiti za awali, asilimia 97 zilikuwa na matokeo yenye maana kitakwimu, yaani ambayo si rahisi kuyaeleza kwa bahati tu. Waliporudia, ni asilimia 36 tu. Tangu hapo kurudia kumekuwa kazi yenye heshima, na wanafunzi wameipokea vizuri. Mradi wa CREP, ulioanza mwaka 2013, uliundwa kwa ajili yao hasa: mnachagua utafiti kwenye orodha, mnaandaa utaratibu, mnajirekodi kwa video mkiufanyia mazoezi, na wakaguzi wanaupitia kabla hamjaanza kukusanya data. Kibali cha kamati ya maadili ni lazima, kwa hiyo mhadhiri wa kuwasimamia bado mtamhitaji.

Nieleze kidogo mafunzo yenyewe yako wapi. Chukua hojaji ya wasiwasi. Kauli moja inasema “Usingizi hunipaa kwa mawazo”, na mbele kidogo kuna nyingine, “Nalala vizuri.” Mshiriki amejaza 5, yaani “nakubali kabisa”, kwenye zote mbili, na kwenye nyingine zote pia. Kwa vyovyote hakusoma. Je, mumwondoe? Mkiamua baada ya kuona matokeo, mmeshaanza kuchagua majibu mnayoyapenda bila hata kujijua. Ndiyo maana timu nzuri huandika mapema, kwa tarehe, kwenye hifadhi ya mtandaoni iliyo wazi kwa wote: mtu aliyejaza hivi ataondolewa, wa namna hii atabaki. Siku utakapobishana na mwenzako wa nchi nyingine juu ya sentensi moja ya kanuni hiyo, ujue umeanza kuwa mtafiti.

Kuchapisha kwenye jarida la wanafunzi kuna thamani yoyote?

Ipo. Shirikisho la vyama vya wanafunzi wa saikolojia barani Ulaya, EFPSA, lililoanzishwa Lisbon mwaka 1987, lina jarida lake, JEPS, tangu mwaka 2009. Wahariri ni wanafunzi wenyewe. Utakachopata pale ni maoni ya mhariri, mstari kwa mstari, kuhusu kazi yako. Hata ukikataliwa, maoni hayo ni yako.

Nimepata barua pepe ya kunialika kutoa mada nje ya nchi, nitangulize ada. Niamini?

Kama hukuomba, na barua inakusifia bila kutaja kazi yako hata moja, achana nayo. Mwonyeshe mhadhiri wako kabla ya kulipa chochote.

Wenzangu wananiletea matatizo yao kwa kuwa nasoma saikolojia. Niwasaidie?

Wasikilize kama rafiki, usiwatibu. Shahada ya kwanza haikupi ruhusa ya kupima wala kutibu mtu, na anayezungumzia kujidhuru mfikishe kwa mtaalamu siku hiyo hiyo. Ukitaka kufanya jambo kwa upana, wapo wa kuigwa: wanafunzi wa EFPSA wana kampeni ya Mind the Mind, ambapo huingia shule za sekondari kuzungumza na vijana juu ya unyanyapaa wa magonjwa ya akili. Wanatoa elimu na kujibu maswali, hawatoi tiba. Kazi hiyo naiheshimu kuliko tuzo nyingi.

Tukimaliza utafiti wa pamoja, jina langu litawekwa wapi?

Ulizeni kabla ya kuanza. Majarida mengi siku hizi hutaka kila mwandishi aeleze alifanya nini: nani alibuni wazo, nani alikusanya data, nani alichambua, nani aliandika. Tumieni orodha hiyo hiyo kugawana kazi tangu kikao cha kwanza, na kila mmoja athibitishe nafasi yake kwa barua pepe.