Kwa mnaoanza kupima macho huku mialoni

Juzi nilikuwa Kayenze, mwalo wa huku Mwanza, na timu mpya ya wakusanya data, nikakaa zangu kivulini nawaangalia tu, ndani ya saa moja nikaona karibu makosa yote niliyofanya mwaka wangu wa kwanza. Nawapenda wadogo zangu, ila mmenichosha jamani.

1. Mita sita kutoka kwenye chati ni mita sita, sio hatua sita za kijana mrefu. Tumieni futi ya fundi.

2. Mtu asifunike jicho kwa vidole vyake. Bibi zetu wanachungulia, na wala sio uongo, wanataka tu kufaulu. Halafu chati ya E, ile mtu anasema miguu ya E imeelekea wapi, igeuzeni kila mara na foleni ikae mbali, maana nimemsikia mama mmoja anamnong'oneza shoga yake "juu, kulia, chini, kulia" na mpimaji kaandika 6/6, yaani macho mazima kabisa, huku anatabasamu.

3. Mwenye ualbino anza naye macho yote mawili yakiwa wazi, ndio uje kwenye moja moja. Wengi macho yao yanachezacheza, ukifunika moja lile jingine linaweza kucheza zaidi, unaandika namba mbaya kuliko anavyoona akiwa mtaani.

4. Hii ndiyo iliyonifanya niandike. Mmoja wenu alimkatisha mama wa watu, "mama jibu nilichokuuliza". Niliinuka nikaenda kusimama majini kidogo, kwa sababu maneno hayo niliwahi kuyasema mimi.

Niliyemkatisha mimi alikuwa mzee mvuvi wa dagaa, kisiwani. Alisoma mpaka 6/9 kila jicho, karibu na 6/6, nikajaza kwenye kishikwambi, nikamwita anayefuata. Akasema, "Mwanangu, hizo naziona, ila mtumbwi ukija ubavuni siuoni mpaka tugongane." Sasa fomu haikuwa na kisanduku cha maneno hayo, foleni ndefu, jua linazama, boti inatusubiri. Nikamkatisha. Nikamwambia mzee macho yako mazima, huo ni uchovu wa kukesha ziwani. Akanishukuru, akanifungia na dagaa kwenye mfuko, na hiyo shukrani ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Miaka mitatu baadaye nikarudi, nikamkuta anashikwa mkono na mjukuu. Presha ya macho, yaani glakoma, yote mawili. Glakoma mara nyingi inaanza kula pembeni, katikati inabaki mwishoni, kwa hiyo mtu anakusomea chati vizuri kabisa huku anaona kama anachungulia kwenye bomba. Na kilichokwenda hakirudi, dawa ya matone au upasuaji vinalinda kilichobaki tu. Ingekuwa mtoto wa jicho angeweza kufanyiwa upasuaji hata siku ile na akaona tena. Kwa viwango vya WHO 6/9 sio upungufu wa kuona, kwa hiyo kwenye ripoti yetu yule mzee yumo kati ya wazima mpaka kesho. Alinitambua kwa sauti, "Ndiwe yule mwanangu wa chati?" Hakunilaumu hata kidogo. Kumpima kama anaona pembeni, kwa kidole tu, kungechukua dakika moja, na rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando nayo dakika moja.

Andikeni anachosema mtu. Kisanduku hakuna? Andika nyuma ya karatasi, andika mkononi.

5. Kile kikinga cha jicho chenye vitundu: akichungulia humo akaona vizuri zaidi, mara nyingi anahitaji miwani tu. Asipoona tofauti, mtafutie daktari.

6. Miwani ya kusomea ya mnadani ivuliwe, haisaidii mita sita.

7. Wavuvi wa dagaa msiwafuate siku za giza, mwezi usipoonekana, wako ziwani na taa zao usiku kucha, asubuhi wamelala. Nendeni mbalamwezi ikiwa kubwa, mtawakuta nyumbani wanashona nyavu na wana muda wa kuongea. Wiki ijayo mwezi unajaa, mimi nitakuwa Igombe tangu asubuhi, anayetaka nimwonyeshe kile kipimo cha kidole anikute chini ya mwembe.