Mizizi imetokeza kwenye nyasi, niikate?

SWALI: Habari za kazi. Nina mkrismasi uani hapa Tegeta, aliupanda marehemu mume wangu. Saivi mizizi imetoka juu imetambaa mpaka katikati ya nyasi, mashine imeshavunja kisu na juzi mjukuu kajikwaa kapasuka mdomo. Fundi anasema aikate kwa shoka, amwage kifusi futi moja apande ukoka upya. Nikubali?
Bibi wa Tegeta

JIBU: Shikamoo mama, na pole sana kwa mjukuu. Huyo fundi mzuie leo leo.

Mizizi haijapanda, udongo ndo umeshuka. Mkrismasi mizizi yake mingi inakaa juu juu inatafuta hewa na maji, na kila mwaka inanenepa, sasa na sisi kila asubuhi tunapitisha fagio la chelewa mpaka chini ya shina tunasema uwanja unang'aa, kumbe kila fagio linaondoka na udongo kidogo, mvua inamalizia. Naomba hapo pasifagiliwe tena.

Ile minene kama mkono ndo inayoushika mti. Ukiikata unaweza kuona majani bado mabichi mwaka mzima ukajua umepona, kumbe kidonda kinaoza taratibu, siku ya masika ardhi imelowa upepo ukivuma mti unalalia bati. Na kifusi futi moja kinaikosesha mizizi hewa, zege nalo vilevile.

Halafu ukoka unataka jua, chini ya kivuli kile utapanda na kupanda na bado patabaki kipara. Kwahiyo zungushia duara kubwa chini ya mti, nyasi zilizomo zing'oe kwa mkono (jembe litajeruhi mizizi), kisha tandaza majani makavu na vipande vya mbao unene wa vidole vinne, ila karibu na shina acha nafasi ya shubiri moja. Yakioza ongeza mengine. Watoto watengenezee njia ya kupita pembeni.

Nje ya duara kwenye jua, kama kuna vimizizi vyembamba vimechungulia, changanya mchanga na mboji umwage inchi moja tu, ngoja nyasi zitokeze ndo uongeze. Kiangazi mwagilia mara mbili kwa wiki maji yazame chini kabisa, sio kunyunyiza kila jioni. Mashine isiingie kwenye duara, nyasi za kingoni kata na panga.

Ukiona mzizi umeelekea kwenye msingi wa nyumba, huo usiuguse mpaka aje mtu anayejua miti auangalie.