Ile picha ya Monet iliisha ao haikuisha?

SWALI: Jambo yaya. Mimi niko mchoraji hapa Goma, mtaa wa Himbi. Papa mmoja alinipa komande ya picha ya bandari yetu asubuhi, akatoa avansi ya dola 20, nikamfanyia na ukungu wote wa ziwa, mabato yanaonekana kidogo kidogo tu. Kufika kuichukua anasema eti haijaisha, madirisha ya bato yako wapi? Nikamwonyesha ku simu ile ya Monet, mchoraji wa Ufaransa, yenye jua la machungwa na mitumbwi, akacheka, akasema hata huyo mzungu hakumaliza kazi. Yaya, ile picha iliisha kweli?

JIBU: Pole ndugu yangu. Iliisha, lakini usimkasirikie sana huyo papa juu maneno yake ni ya zamani. Ile ni bandari ya Le Havre, Ufaransa, mji Monet alikokulia, na mwaka aliouandika karibu na jina lake ni 1872. Ilipoonyeshwa Paris mwaka 1874, kwenye studio ya zamani ya mpiga foto Nadar, mwandishi Louis Leroy akaichekelea gazetini, eti karatasi ya kubandika ukutani ambayo ndiyo kwanza inaanza kutengenezwa imekamilika kuliko hiyo bahari! Akachukua neno Impression (ile hisia ya haraka unayopata ukiona kitu) lililoko ku kichwa cha picha, akawaita wachoraji wote wa pale impressionnistes, matusi kabisa, na leo ndilo jina lao la heshima. Monet mwenyewe alisema walimuuliza kichwa cha kuweka ku katalogi, akaona haiwezi kupita kama picha ya Le Havre, ndipo akawaambia wekeni Impression.

Sasa ikuze ku simu uangalie. Mtumbwi wa mbele ni mipigo michache ya brashi, giza tupu, lakini mtu amesimama ndani unamuona. Huko nyuma milingoti na moshi wa mabomba ni rangi nyepesi kama maji, halafu chini ya jua kuna vipande vya machungwa vizito vimewekwa juu ya ile kijivu. Na jua lenyewe, fanya hivi: geuza foto iwe nyeusi na nyeupe. Linapotea karibu lote! Sababu mwanga wake ni sawasawa na wa mawingu yanayolizunguka, ni rangi tu ndiyo inalitoa, ndiyo maana ukiliangalia sana linakuwa kama linatetemeka. Mtu ambaye hajamaliza kazi hawezi kupima hivyo. (Wezi waliiiba kwenye museum ya Marmottan mwaka 1985, ikapatikana 1990, na sijasikia kama waliulizia madirisha.)

Kosa lako naliona kwingine. Ulichukua avansi bila kumwonyesha mchoro mdogo ku karatasi, papa akawa anangoja bato, wewe unachora ukungu. Siku ingine mpeleke kwanza ku bandari asubuhi mapema, wavuvi wa sambaza wakiwa wanarudi na mitumbwi yao mitatu mitatu iliyofungwa pamoja, umwombe akuhesabie madirisha ya bato lililoko nyuma yao.

Hiyo picha usiiguse tena. Kama anataka madirisha, mpigie foto ya bato saa sita ya mchana umuuzie dola 5.