Mtoto hataki maziwa asubuhi: yaliyonifaa mimi

Dada, nimesoma swali lako, umpe nini asubuhi mtoto asiyetaka maziwa, nikacheka kwa uchungu. Mtoto wa miaka minne, maziwa hataki hata kuyanusa, basi la shule linapiga honi saa kumi na mbili na robo, na mama mkwe yuko kwenye simu kutoka nyumbani akiuliza mifupa ya mjukuu itajengwa na nini. Hiyo ilikuwa nyumba yangu kabisa, hapa Umoja, Nairobi, mwaka mzima.

Mimi nilipigana. Kikombe cha maziwa moto mezani, nami nimesimama juu yake kama askari jela: kunywa, kunywa, basi linakuja. Kuna wiki alianza kumaliza. Kikombe kinarudi kikavu, nikatangazia ukoo mzima. Kisha balkoni ikaanza kunuka. Nina sukuma nimeipanda kwenye gunia pale nje. Nilipoinama kuchuma majani nikakuta udongo una ukoko mweupe na inzi wamefanya mkutano. Sukuma ndiyo iliyokuwa ikinywa maziwa.

Siku hiyo ndipo nilipomuuliza, badala ya kumfokea, shida ni nini hasa. Akanyoosha kidole kikombeni: "Hiyo nguo." Kumbe ni utando! Ule unaoganda juu maziwa yakianza kupoa, ukimgusa mdomo tu tumbo linamgeuka. Kwa hivyo kabla hujabadilisha jikoni nzima, chuja kwanza, na siku nyingine mpe yakiwa baridi. Wangu bado alikataa, lakini mala, yaani maziwa yaliyochachuka, iliyopondewa ndizi anakula kwa kijiko, na yogati pia. Sukari ya maziwa hupungua yakichachuka, ndiyo maana wako watoto ambao maziwa ya kawaida yanawavuruga tumbo lakini mala inapita bila neno. Ila kama wako akinywa anatokwa na vipele, anavimba midomo au anapumua kwa shida, hayo si madeko. Mpeleke kwa daktari, na hata hiyo mala usimjaribishie.

Sasa uji. Utaambiwa unga wa wimbi una kalsiamu karibu mara tatu ya maziwa. Ni kweli, ukipima unga mkavu: gramu 100 zina zaidi ya miligramu 300, na maziwa gramu hizo hizo yana kama 120. Lakini nani anakula unga mkavu? Bakuli la mtoto linaingia gramu 30 hivi, mengine yote ni maji. Hapo umebaki na kama miligramu 100, na sehemu yake haimfikii, kwa sababu nafaka ina vitu vinavyoyashika madini yasifyonzwe vizuri. Kikombe kizima cha maziwa kingempa karibu 300. Sisemi uache uji, jamani, mimi mwenyewe naupika mara tatu kwa wiki. Nasema tu usijidanganye kwamba umemaliza kazi.

Kuchachua unga kunasaidia kupunguza vitu hivyo, na kunaufanya utamu uwe wa aina yake. Jumapili jioni nakoroga unga wa wimbi na maji ya uvuguvugu, mzito kiasi, kwenye ndoo ndogo safi, nafunika bila kukaza. Kufika Jumanne umeshaanza kuuma ulimi. Asubuhi nachemsha maji, namimina, nakoroga mpaka uive kabisa. Ukishatoka motoni naongeza kijiko cha siagi ya karanga na ndizi iliyoiva sana. Kwa ile rangi yake, mwanangu anauita uji wa chokoleti. Sijamsahihisha.

Na tafadhali achana na ule unga wa vitu kumi na viwili: wimbi, mtama, soya, njugu, omena (dagaa), mchele, vyote kinuni pamoja. Mtaalamu wa lishe kliniki alinikalisha chini kwa huo. Njugu na omena zina mafuta, zikisagwa zinaharibika upesi na kuozesha unga wote. Tumbo likimsumbua mtoto hujui mkosaji ni nani. Na njugu zilizoota ukungu zina sumu ambayo kupika hakuiondoi. Saga wimbi peke yake, vingine ongeza ukiwa sufuriani.

Siku zisizo za uji, mayai. Sukuma nakata nyembamba kama nyuzi, naikaanga na nyanya, navunjia mayai mawili, nakunja ndani ya chapati ya jana. Anakula akivaa viatu. Kalsiamu ya sukuma mwili unaichukua vizuri kuliko ya spinachi, kwa hivyo hata kama ni kidogo haipotei bure. Nduma na viazi vitamu nachemsha usiku nikipika chakula cha jioni, asubuhi ni kupasha moto tu, parachichi pembeni. Ndengu zilizobaki pia zinaliwa. Nani alisema zina saa yake?

Maziwa ya soya nilijaribu nikaachana nayo. Soma pakiti kama yameongezwa kalsiamu, maana mengine ni maji, sukari na bei. Strungi, chai isiyo na maziwa, usimpe na chakula, inazuia madini ya chuma kuingia mwilini.

Kilichonituliza ni kukubali kwamba asubuhi haina haja ya kubeba mzigo wote. Wamarekani wanasema mtoto wa miaka minne hadi minane anahitaji kama miligramu 1000 za kalsiamu kwa siku. Kwa siku, dada, si kwa saa kumi na mbili ya asubuhi. Kwangu omena za jioni, zinazoliwa pamoja na mifupa yake, zinafanya kazi ambayo kile kikombe hakikuwahi kufanya. Asubuhi nataka tu ashibe na apande basi bila kilio.

Kuhusu mama mkwe: wangu alikuja Aprili akakaa wiki. Siku ya kwanza alitazama bakuli, akanyamaza. Ya pili akanyamaza tena. Ya tatu akaniambia nimpimie na yeye ule uji wa chokoleti, "lakini wangu utie maziwa."