Kabla ya Kuagiza Shafti Mpya ya Krasha: Ushauri kwa Mafundi Wanaoanza Kazi Mombasa

Mafundi vijana mnaoingia katika karakana za Changamwe na Shimanzi, au mnaopelekwa moja kwa moja kwenye machimbo ya bara, mtakutana mapema na kazi hii: shafti ya krasha (mhimili unaozungusha mashine ya kuvunja mawe) imekatika, malori ya kokoto yamepanga foleni, na mwenye machimbo anapiga simu kila saa kuuliza nyingine itapatikana lini. Ushauri wangu wa kwanza, ambao nauweka mbele ya mengine yote, ni kwamba msiagize wala msikereze shafti mpya kabla ya kuisoma ile iliyovunjika. Shafti mpya inayofungwa huku chanzo cha kuvunjika kwa ya kwanza kikiwa bado kipo itakatika pale pale, na safari hiyo lawama itakuwa ya aliyeikereza.

Uso wa chuma kilichokatika hueleza mengi, lakini hueleza kwa muda mfupi tu, kwa kuwa hewa yetu ya chumvi huupaka kutu kabla hamjamaliza kubishana. Upigeni picha mapema, msafishe kwa dizeli na brashi laini, kisha mpake mafuta mepesi. Msitumie brashi ya waya, na msijaribu kuvirudisha vipande viwili pamoja kuona kama vinaingiliana, maana nyuso hizo zikisuguana alama hufutika. Mkiona sehemu laini yenye mistari iliyopinda, moja nyuma ya nyingine, kama ile ambayo maji yanayokupwa huiacha mchangani, jueni kwamba shafti haikukatika siku ile. Ufa ulianza zamani, ukawa unasogea kidogo kidogo kila mashine ilipozunguka, mpaka chuma kilichobaki kikashindwa kubeba mzigo. Ifuateni mistari hiyo kurudi nyuma hadi ilipoanzia, na mara nyingi mtafika kwenye pembe kali ya njia ya kii (mfereji unaoshika kii, kipande cha chuma kinachofunga gurudumu kwenye shafti), kwenye bega ambapo kipenyo hubadilika, au kando ya mshono wa kuchomelea wa zamani. Sehemu yenye chembechembe mbaya ndiyo iliyokatika mwisho: ikiwa ndogo, mzigo ulikuwa wa kawaida na tatizo lilikuwa kwenye ufa wenyewe, ikiwa kubwa, tafuteni kilichoizidishia mashine mzigo. Unga wa rangi ya kahawia nyekundu chini ya beringi nao huonyesha kwamba beringi ilikuwa imelegea, ikawa inachezacheza juu ya shafti.

Katika krasha ya taya, yaani ile inayobana mawe kati ya taya mbili za chuma, mzigo wa kupita kiasi una sababu moja ambayo ni lazima mwiulizie. Nyuma ya taya kuna bamba la togo, ambalo pamoja na kazi yake ya kuhimili taya limetengenezwa livunjike kwanza pale kipande cha chuma, kwa mfano jino la ndoo ya ekskaveta, kinapoingia pamoja na mawe. Yuko fundi ambaye, kwa kuchoka kubadilisha bamba hilo, huweka jingine nene zaidi la chuma kigumu. Akishafanya hivyo, pigo lililopaswa kuishia kwenye kipuri cha bei nafuu huhamia kwenye shafti na beringi. Vivyo hivyo kwa kii: msiibadilishe kwa nyingine ya chuma kigumu kuliko iliyowekwa na mtengenezaji.

Kuhusu vipimo naomba mnivumilie, kwa sababu hapa ndipo shafti nyingi nzuri huharibika. Vipimo vya kiwandani huhesabiwa kwa joto la nyuzi 20 za Selsiasi, ilhali karakana ya mabati hapa Mombasa inaweza kufika nyuzi 35 mchana, na shafti iliyotoka kukerezwa ikawa na joto zaidi ya hapo. Chuma hutanuka kiasi cha maikroni (elfu moja ya milimita) 11 hadi 12 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Kwa shafti ya milimita 150, tofauti ya nyuzi 20 huleta takriban maikroni 35, na nafasi yote inayoruhusiwa kwa daraja la 6 la usahihi wa vipimo katika kipenyo hicho ni maikroni 25 tu. Hii ndiyo sababu shafti iliyopimwa ikiwa ya moto huonekana sawa jioni, na asubuhi beringi ikaingia bila kusukumwa. Iacheni shafti, maikromita (kifaa cha kupimia kipenyo) na kipande cha kurekebishia maikromita vilale pamoja kivulini usiku kucha, kisha mpime alfajiri, sehemu kadhaa kwa urefu na kwa pande mbili zinazokatana. Mkipima ile ya zamani ili kupata mfano, msichukue kipimo mahali beringi ilipokula. Tafuteni sehemu ambayo haikuguswa, au ombeni mchoro.

Shafti ya krasha ya taya ina sehemu ya katikati iliyohama kutoka kwenye mhimili, na uhamaji huo ndio unaolisukuma taya. Mkiizungusha shafti juu ya vitalu vya V (vyenye mkato wa kuilaza) na kuipima kwa saa ya kupimia (kifaa chenye mshale unaoonyesha mwendo mdogo), jumla ya mwendo wa mshale ni mara 2 ya uhamaji wenyewe. Saa ikionyesha milimita 32, uhamaji ni milimita 16. Andikeni wazi kwenye oda ni kipi kati ya hivyo viwili mnachokitaja, kwa maana shafti iliyokerezwa kwa uhamaji wa mara mbili haina matumizi yoyote.

Chuma chenyewe kisichaguliwe kwa kuangalia kipenyo kilichopo dukani. EN8, moja ya aina za chuma cha shafti, ni chuma kizuri kwa kazi nyepesi, lakini nguvu yake ya kuvutwa ni kama megapaskali 550, huku EN24, aina nyingine yenye nguvu zaidi, iliyotiwa ugumu kwa hali ya T (jina la daraja la ugumu wake) ikiwa kati ya 850 na 1,000. Hesabuni pia mzigo. Mota ya kilowati 110 inayozunguka mara 1,480 kwa dakika hutoa msokoto (nguvu ya kuzungusha) wa takriban nyutoni-mita 710, lakini kwenye shafti ya krasha inayozunguka mara 250 msokoto huo hufika karibu 4,200. Nguvu ya shafti dhidi ya msokoto hufuata kipenyo kwa kipeo cha tatu, kwa hiyo anayekereza milimita 100 hadi 95 ili kuondoa mikwaruzo ameondoa takriban asilimia 14 ya nguvu yake.

Kuchomelea shafti iliyokatika sikubali kabisa kwa krasha. Vyuma hivi vina kaboni ya takriban asilimia 0.4, na pembeni ya mshono chuma kikipoa haraka huwa kigumu na chepesi kuvunjika. Hapo ndipo ufa mwingine huanzia. Mkereza naye asiache bega lenye kona kali; kona iwe ya mviringo kwa kipimo cha mchoro, na ing'arishwe mpaka alama za kisu zitoweke.

Wakati wa kufunga, beringi ipashwe joto kwa mafuta au kwa hita ya umeme, isipite nyuzi 110, na moto wa gesi usiikaribie. Magurudumu mawili mazito ya pembeni yana uzani wa kusawazisha, hivyo tieni alama kabla ya kuyatoa na myarudishe kwa pembe ile ile. Mikanda ya V ibadilishwe seti nzima, wala isikazwe kupita kiasi, kwa kuwa mvutano wake huipinda shafti kila inapozunguka. Washeni mashine bila mawe kwanza, mfuatilie joto la kila beringi, na mkague boliti zote tena baada ya zamu ya kwanza ya kazi.

Shafti ya akiba, kwa machimbo yanayoweza kuimudu, ni bora kuliko kusubiri meli Kilindini. Ipakeni grisi ya kuzuia kutu mahali pote palipokerezwa, muifunge kwa karatasi yenye nta, na muiweke juu ya vitalu vya mbao vilivyo karibu na mabega yake, mbali na sakafu. Kila baada ya miezi michache ifungueni, mwangalie chini ya grisi, na mwizungushe nusu mzunguko kabla ya kuifunga tena.