Ukienda Santiponce, tazama chini

Mara ya kwanza nilikwenda Santiponce, kijiji karibu na Sevilla, Hispania, kuona magofu ya Italica, mji wa kale wa Kirumi. Ilikuwa siku ya Jumatatu, nikakuta geti limefungwa. Kumbe Jumatatu ndiyo siku yao ya mapumziko, na mimi nimetoka Sevilla na kichupa kimoja cha maji, jua la Julai linachoma mpaka nyayo. Kwa hiyo angalia siku kwanza, halafu beba kofia na maji ya kutosha. Ndani ya magofu ya Italica kivuli ni cha kutafuta kwa tochi.

Usafiri si tatizo: panda basi la M-170 pale stendi ya Plaza de Armas, litakushusha karibu na mlango. Raia wa Umoja wa Ulaya wanaingia bure. Sisi wenye pasipoti nyingine tunatoa yuro 1.50. Sina kinyongo, soda yangu ya siku hiyo ilikuwa ghali zaidi.

Wengi wakishaingia hukimbilia uwanja wa mapigano, uliochukua watazamaji kama 25,000. Ni mkubwa kweli. Mimi nilipiga picha, nikachoka. Kilichonishika ni sakafu za nyumba za matajiri kule juu. Katika Nyumba ya Ndege, fundi alipanga vijiwe vidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho mpaka wakatokea ndege zaidi ya 30, kila mmoja na kisanduku chake. Nilichuchumaa pale hadi magoti yakauma. Kwenye nyumba nyingine wapo miungu saba ya siku za juma, Venus katikati. Mhispania akisema martes, yaani Jumanne, bado anamtaja Mars, mmoja wa miungu hao. Sisi tunahesabu tu, mosi, pili, tatu.

Kosa langu jingine lilikuwa kurudi Sevilla bila kukanyaga kijijini. Unacholipia getini ni mtaa mpya wa enzi za Hadrian, kaisari wa Roma, karne ya 2. Mji wenyewe wa kwanza, ulioanzishwa na jemadari wa Kirumi Scipio mwaka 206 KK, umelala chini ya nyumba za wanakijiji, waliohamia hapo mwaka 1603 baada ya mto Guadalquivir kufurika na kuharibu kijiji chao cha zamani.

Safari ya pili nilishuka hadi kwenye ukumbi wa maigizo wa Kirumi. Hata ukiukuta umefungwa, unauona vizuri kutoka juu: safu za viti vya mawe, na nyuma yangu, kwenye kibaraza cha mtu, mashuka yameanikwa.