Kabla Hujafunga Hedi, Tazama Matundu

Juzi kijana mmoja ninayempenda kama mdogo wangu alinitumia picha ya injini aliyokuwa akiifunga, akitaka nimsifu kwa jinsi alivyoukwangua uso wa bloku, ule mwili wa injini wenye silinda, hadi ukang'aa. Uso ulikuwa safi kweli, ila katika matundu mawili ya bolti za hedi, kile kichwa kinachofungwa juu ya bloku, niliona kulanti, yaani maji ya kupoza injini, imetuama. Nilimpigia simu papo hapo. Wadogo zangu mnaofungua magari ya zamani nyumbani, mnarudia makosa yetu yale yale, tena kwa kujiamini kutuzidi, kwa hiyo nisomeni.

1. Toa kwanza waya wa hasi wa betri, na usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee bila stendi. Hili sijadiliani na mtu.

2. Chora umbo la kava unalolifungua juu ya kipande cha boksi, utoboe, kisha uchomeke kila bolti mahali pake. Najua mnapiga picha kwa simu, lakini picha haionyeshi urefu wa bolti iliyozama, na bolti fupi ikiingia katika tundu la bolti ndefu hushika nyuzi mbili tatu tu kisha ikazing'oa.

3. Kausha matundu ya bolti za hedi. Injini ya kwanza niliyoifungua peke yangu ilikuwa ya silinda nne, bloku ya chuma na hedi ya alumini, na ilikuwa imeunguza gasketi, ile pakingi inayoziba kati ya hedi na bloku, baada ya kuchemsha. Niliipima hedi kwa rula ya chuma na fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia mapengo, sikuona pengo lililozidi mm 0.05, nikajiona fundi kamili. Uso wa bloku niliusafisha siku nzima, lakini matundu niliyapangusa midomo tu kwa kitambaa, kwa sababu nani hutazama ndani ya tundu? Nilianza kukaza bolti za katikati nikielekea nje, kama mwongozo ulivyotaka, na hatua ya kwanza ikapita salama. Katika hatua ya pili bolti moja ya pembeni ikawa nzito mapema mno, na toki renchi, spana inayolia ikifikia nguvu ya kukaza (toki) uliyoipanga, ikalia wakati mkono wangu ulikuwa unaniambia kwamba bolti ile bado haijakaa. Niliiamini toki renchi, maana ilikuwa mpya na mkono wangu ulikuwa wa siku zote. Hatua ya mwisho ilikuwa ya kuigeuza bolti digrii 90, yaani robo mzunguko. Kabla sijazifikisha nikasikia mlio mdogo, mkavu, kama wa kijiti kilichovunjwa chumba cha pili, kisha bolti ikawa nyepesi.

Nilijua. Hata hivyo nilijiambia kwamba ni washa tu, ile pete ya chini ya kichwa cha bolti, imekaa vizuri, nikaendelea kufunga. Injini iliwaka mara ya kwanza, nikacheka peke yangu, na baada ya robo saa kulanti ikaanza kutoka jasho ubavuni mwa bloku, kwenye ufa mwembamba kama unywele. Kimiminika hakikandamiziki: tundu limeziba chini, bolti inashuka kama pistoni, na shinikizo lote linauangukia ukuta wa bloku. Hata bloku isipopasuka, toki unayoisoma ni ya kusukuma maji wala si ya kubana gasketi. Gari lilikuwa la mjomba wangu, nami nilimweleza kwamba bloku ilikuwa imechoka. Mjomba, ambaye hakuwahi kushika spana, aliniuliza imekuwaje ichoke siku ile ile niliyoigusa. Ukweli nilimwambia baada ya miaka mingi, na alikuwa ameujua siku zote.

Basi nyonya maji kwa kitambaa kilichosokotwa, puliza upepo ukiwa umevaa miwani, kisha tazama kwa tochi tundu moja baada ya jingine.

4. Ukishafunga mkanda wa taiming, unaooanisha vali na pistoni, toa plagi na uzungushe krenki, shafti kuu inayoendeshwa na pistoni, kwa spana mizunguko miwili kamili; ikigoma, simama, kwa sababu huenda vali imekutana na pistoni, na stata haina mkono wa kuhisi hilo.

5. Punguzeni silikoni, tafadhali. Ile inayojitokeza nje ina pacha wake aliyejitokeza ndani, naye akikatika ataishia kwenye chujio la pampu ya oili.

6. Bolti za hedi zinazokazwa kwa digrii huvutika, na mwongozo ukitaka mpya, weka mpya. Za zamani usizitupe zote: chagua moja yenye nyuzi nzima, uichonge mifereji miwili ya urefu ubavuni kwa msumeno wa chuma, uondoe makali, kisha uipitishe kwa vidole katika kila tundu. Itakapotoka na tope jeusi katika mifereji, ipanguse uirudishe, mpaka itoke kavu.